Mlima wa Sebuleni

Nilijifunza kuchora volkano kabla sijaiona hata moja. Nilikuwa nyumbani Igowole, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakunipeleka popote, na simu ya kaka yangu ilikuwa inapatikana jioni tu, akishamaliza kuongea na mchumba wake. Niliitumia kutazama picha za kuchorwa. Sikuwa na mwalimu. Niliandika neno nikatazama kilichokuja, na siku niliyoandika neno la mlima zikaja volkano.

Zilikuwa picha za zamani za wachoraji wa Ulaya. Mlima mweusi, moto unarushwa juu, anga jekundu, na bahari chini imeshika wekundu uleule. Pembeni, chini kabisa, watu wadogo kama sisimizi wameinua mikono. Nilizitazama mpaka kaka akaninyang'anya simu. Kwetu ni mashamba ya chai, misitu ya misonobari na ukungu. Kuna asubuhi huoni hata nyumba ya jirani. Mandhari ya kwetu hayamtishi mtu, yanampa mafua tu. Kwa hiyo nikaamua kwamba nguvu za asili ni zile nilizoziona kwenye simu: moto, mwamba unaoyeyuka, na binadamu asiye na la kufanya.

Nilianza kunakili. Nilichora miraba kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda za zamani, halafu nikahamisha picha mraba kwa mraba. Nilijifunza kwamba yule mtu mdogo wa chini ndiye anayeupa mlima ukubwa wake. Ukimfuta, mlima unabaki kichuguu. Hakuna aliyeniambia hilo, niligundua kwa kumfuta na kumrudisha, na nilijivunia sana.

Ila sikumaliza picha hata moja. Nasema wazi kwa sababu ndio ugonjwa wangu. Nikimaliza anga naona mlima una kasoro. Nikirekebisha mlima, anga linaanza kuonekana la mtu mwingine. Nafuta, narudia, nafuta, mpaka karatasi inatoboka. Mama yangu aliwahi kunikuta nasugua hivyo akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mwanangu, hiyo karatasi imekukosea nini?"

Niliendelea kusugua. Hivyo ndivyo nilivyo nikiwa na kazi ya kuonyesha mtu, hata leo. Namuuliza kila anayepita, "Unaonaje?" Akisema nzuri simwamini. Akisema mbaya namchukia mpaka jioni.

Nilipohamia Mbeya kwa shangazi yangu, Ilomba, niliingia kwenye kazi ya mabango kwa sababu bango halikuruhusu ugonjwa huo. Mwenye bucha anasimama nyuma yako na kisu mkononi, anataka neno BUCHA na kichwa cha ng'ombe, na anataka leo. Nilichora vichwa vya ng'ombe, mikasi ya saluni, matairi, na kuku mmoja ambaye mwenye kibanda alisema anafanana na mama mkwe wake, akanilipa kwa furaha. Volkano niliziacha kwenye begi.

Rangi nilikuwa nanunua kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwao ni Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayepima misumari kwenye mizani huku anaongea na simu. Siku moja alinishika nikiwa nachagua brashi.

"We binti, unachora na milima?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Akanieleza. Mama yake mzazi alikuwa anaishi peke yake kijijini. Msimu wa mvua uliopita aliteleza uani akaumia nyonga, akalala pale kwenye tope asubuhi nzima, anaita, mpaka mtu aliyekuwa anapita kwenda kuchota maji akamsikia. Sasa mama yuko hapa Mbeya, nyumbani kwake. Ameshatibiwa, anatembea na fimbo, na kila siku anasema jambo moja: mvua zikianza narudi kwangu.

"Na akirudi ataanguka tena," alisema mwenye duka. "Safari hii labda hapiti mtu. Kwa hiyo nataka umchoree ule mlima wao sebuleni, ukuta mzima. Akiamka auone. Labda atatulia."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: nimzuie bibi wa watu asirudi kwake, kwa rangi. Sikuiona hivyo wakati ule. Niliona ukuta.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba Rungwe ni volkano iliyolala. Nikatoa kalenda zangu kwenye begi. Nilijiambia kwamba mlima wa kawaida mtu yeyote anaweza kuuchora. Mimi nitauamsha. Bibi atauona mlima wake ukiwa na nguvu zake zote, na nguvu hizo zitajaza sebule. Mwenye duka hakutaka kuona mchoro wa awali. "Mimi nitajua nini?" alisema. Basi nikaupiga ukuta msasa, nikapaka rangi ya kwanza, nikachora miraba yangu, na siku bibi aliyoshinda hospitali kwenye mazoezi ya nyonga nikawasha moto. Nyekundu, machungwa, moshi mweusi mpaka karibu na dari. Chini nikaweka watu wadogo wanaokimbia, kama sheria yangu ilivyotaka.

Bibi aliletwa, akakalishwa kwenye kochi mbele ya ukuta. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha kanisani, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia kwa salamu ya kwao, niliyofundishwa na shangazi.

"Mugonile, Bibi."

"Ndaga," akasema, bila kunitazama. Alikuwa anatazama ukuta. "Nani amechoma mlima?"

"Ni volkano, Mama," mwenye duka akasema.

"Nimeuliza nani amechoma."

"Hakuna aliyechoma, Bibi," nikasema. "Ni moto wa ndani. Mlima wenyewe ndio unautoa."

"Mimi nimezaliwa pale. Mama yangu kazaliwa pale. Moto tunaoujua ni wa warina asali na wa vijana wanaochoma majani, na huwa tunawakamata." Akainua fimbo akaielekeza chini ya picha. "Ndio hawa, si ndio? Angalia wanavyokimbia. Wenyewe kabisa."

Mwenye duka aliziba mdomo kwa khanga. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Siku ile nilirudi Ilomba nikiwa nimeelewa jambo moja tu la kiufundi, kwamba wekundu ukishaingia ukutani hautoki. Nilipaka nyeupe juu yake, ukaja waridi. Nikapaka tena, ukaja waridi hafifu. Kwa siku kadhaa bibi alikaa mbele ya ukuta wenye rangi ya ulimi akiwauliza wageni kama wanaona maendeleo.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: kwenda kuutazama mlima. Nilipanda basi mpaka Isongole, ilikuwa kiangazi, anga safi. Nikashuka, nikapata jiwe la kukalia nyuma ya wauza viazi, na mlima ulikuwa pale mbele yangu, wote, hauna hata wingu la kujifunika. Ulikuwa umekaa tu. Msitu ulikuwa umeupanda kama blanketi mpaka karibu na juu. Nilisubiri nihisi kitu kikubwa, kama nilichohisi kwenye simu ya kaka, na nilichohisi ni njaa. Nikanunua viazi vya kuchemsha. Nikachora. Nilichora kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kuchora kitu, kila mkunjo, kila kivuli, na mama mmoja muuza viazi akawa anawaambia wateja wake, "Huyo ni wa serikali, wanataka kupima maeneo."

Nilirudi na michoro na picha za simu nikauweka mlima ukutani. Kijani cha chini, kijani cha kati, samawati ya mbali. Nilifanya kazi wiki nzima, nikiingia asubuhi bibi akiwa anakunywa chai. Kila nikigeuka namkuta ananuna. Chakula alikuwa anakisogeza pembeni. Nilidhani bado ana kinyongo cha ule moto. Lakini mlima wenyewe ulikuwa mzuri. Ninasema hivyo na si kawaida yangu. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mbele ya kitu nilichokifanya nikakosa cha kufuta.

Jumapili wakaja akina mama wa kanisani kwa bibi, watu wa kwao wanaoishi mjini. Walivua viatu, wakaimba wimbo mmoja, wakaomba, wakapewa soda na ndizi za kupika. Mimi nilikuwa nimekaribishwa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Walikuwa wanautazama ukuta kwa jicho la pembeni. Mwishowe mmoja, mnene, mwenye sauti, akaweka chupa chini.

"Samahani. Huu ni mlima gani?"

"Rungwe," nikasema.

"Aaa." Akatazamana na wenzake. "Uliutazamia wapi, mwanangu?"

"Isongole."

Wakaangua kicheko wote kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wamekizuia tangu sala ya kufungulia.

"Isongole! Huko ni nyuma!"

"Ametuchorea mgongo!"

"Kwetu ni upande wa huku, binti. Kilele chenyewe ukikiangalia kutoka kwetu hakiko hapo kabisa."

"Muacheni, ni Mhehe huyu. Kwao hawana milima, wana mawe tu makubwa makubwa."

"Hata jiwe lina mbele na nyuma!"

Na bibi, ambaye hakuwa amecheka tangu nimfahamu, alipiga fimbo sakafuni.

"Ndiyo maana! Wiki nzima nakaa humu ndani naona kama kuna mtu amenipa mgongo. Nikasema labda ni mwanangu. Kumbe ni mlima!"

Mwenye duka alisema, "Ahsante, Mama," na wakacheka tena.

Nilicheka nao kwa sababu kubaki na uso mkavu ingekuwa aibu zaidi. Nilipofika nyumbani nililia kwa hasira. Sikuwa nakasirika kwa sababu nimekosea. Nilikuwa nimechora kila kitu sawasawa na bado ilikuwa makosa, na kitu kama hicho kwangu hakina dawa. Nilimwambia shangazi nitarudisha malipo ya awali niende Igowole nikachume chai. Shangazi alikuwa anasonga ugali.

"Umeambiwa mlima una upande wa pili," alisema. "Hujaambiwa huna mikono. Kula."

Mwenye duka alinipeleka mwenyewe kwa gari lake mpaka kijijini kwao. Nyumba ya bibi ilikuwa na kufuli, uani majani yameanza kuota. Tulikaa kutwa nzima. Wingu lilikuwa limeushika mlima kuanzia kiunoni, halikusogea. Nilipata kuona miteremko ya chini, migomba, mashamba yanayopanda kwa mistari, na kijito kinachotoka kwenye bonde. Juu ya hapo palikuwa peupe. Jioni tulipokuwa tunaondoka wingu lilifunguka kidogo, nikaona ukingo mmoja mweusi mbali sana juu ya pale nilipokuwa natazama, juu kiasi kwamba ilibidi niinue kichwa. Nikashtuka kidogo. Kisha pakafungwa. Mwenye duka alikuwa hatazami. Alikuwa anatazama sehemu ya uani ambako mama yake alilala siku ile, karibu na karo la kufulia. Udongo pale ni laini na mweusi, na hata kiangazi ulikuwa unateleza.

"Unaona?" aliniambia. "Peke yake. Hapa."

Kwa hiyo niliurudia ukuta nikiwa na mlima wenye miguu na usio na kichwa. Ikabidi nimuulize bibi.

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika kabisa. Bibi alikaa kwenye kochi na fimbo yake akawa anachora yeye, mkono ukiwa wangu. Nilisimama kwenye ngazi na chaki.

"Shusha."

Nikashusha mstari.

"Shusha tena. Unaogopa nini? Hapo ndipo panapobomoka. Haya, panda sasa. Panda. Simama! Umepitiliza, huko ni Malawi."

Nilidhani nitachanganyikiwa. Badala yake nilikuwa na amani ambayo sikuwa nayo kabla. Nadhani ni kwa sababu hatimaye nilikuwa nimekutana na mtu anayeona kasoro kuliko mimi. Sikuwa na haja ya kuogopa kwamba ipo kasoro sijaiona. Ikiwepo, ningeambiwa. Alinifutisha bega la kushoto la mlima asubuhi nzima, akapata chai, akanifutisha tena. Alianza kula. Alikuwa akila huku anaelekeza, punje za wali zikimdondokea kwenye khanga, na mwenye duka alikuwa akirudi mchana kwa kisingizio cha kusahau kitu, anasimama mlangoni anamtazama mama yake akitafuna.

"Anatulia," alininong'oneza jikoni. "Unaona? Anatulia."

Nilipofika sehemu ya chini nikamweka mtu wangu mdogo, peke yake, bila mikono juu, amesimama tu kwenye njia. Bila yeye ukubwa usingeonekana.

"Huyu nani?" bibi akauliza.

"Ni mtu tu, Bibi. Ni wa kuonyesha mlima ulivyo mkubwa."

"Mtu tu ndiye nani? Pale hakuna mtu tu. Mtoto wa nani?"

"Hana... sijui, Bibi."

"Na anaenda wapi mikono mitupu saa hizo za asubuhi? Mpe jembe. Na umtoe njiani, pale kuna mbwa mkali. Mweke kule, kwenye maharage."

Nikampa jembe, nikamwinamisha. Nilishuka kwenye ngazi, nikaenda mpaka mlangoni kutazama. Nilichokiona sijui kama nitakieleza vizuri. Mtu aliyesimama na kutazama mlima alikuwa anaufanya mkubwa. Mtu aliyeupa mlima mgongo akalima, asiyeutazama kabisa, aliufanya mkubwa zaidi. Sikuwahi kuona hivyo kwenye picha zangu za moto. Nilitaka kumwambia mtu, lakini aliyekuwepo ni bibi, naye alikuwa ameshaendelea mbele.

"Nyumba yangu iko hapa," alisema, akigonga kwa fimbo nyuma ya kochi, karibu na soketi ya televisheni, nje kabisa ya picha.

"Niilete picha mpaka hapo?"

"Ya nini? Mimi si nimekaa hapa."

Nilipaswa kuelewa siku hiyo kwamba kichwani mwake alikuwa ameshafika kwake. Sikuelewa. Nilikuwa nahangaika na kijani.

Mawingu ya mvua yalianza kukusanyika juu ya mji. Bibi akaanza kusahihisha majira. Mashamba niliyoyapaka kijani alisema ni ya mwezi ambao umeshapita, sasa hivi pale watu wameshalima, pawe peusi. Nikachanganya nyeusi na kahawia. Akasema hapana, huo ni udongo wa Usangu. Nikaongeza nyeusi. Akainuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwa analifanya bila kushikwa, akajikongoja mpaka ukutani, akachovya kidole kwenye rangi mbichi, akaisugua kati ya kidole na gumba kama mtu anayepima udongo.

"Ongeza kidogo. Udongo wa kwetu ukiushika, unaona kabisa kwamba utakushibisha."

Niliongeza. Akatazama. Akarudi nyuma hatua moja moja mpaka miguu yake ikagusa kochi, lakini hakukaa.

"Ndio huo," alisema. Sijawahi kusikia maneno hayo yakisemwa kwa kitu changu. Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama na sahani. "Haya mwanangu. Nipelekeni."

"Wapi, Mama?"

"Kwangu. Watu wameshalima, sioni hata tuta langu moja pale. Maharage yanapandwa lini, Krismasi?"

"Mama, si tumeongea? Mlima si huu hapa? Umeuona, umesema ndio wenyewe."

"Ndio wenyewe. Lakini huu ni wa kuangalia. Ule ni wa kulima."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka kwangu."

"Ulilala kwenye tope asubuhi nzima!"

"Tope langu," bibi akasema.

Mwenye duka aliweka sahani mezani taratibu sana, akatoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika bomba la maji lililofungwa kana kwamba anataka kulifungua. Sikujua kama nimsogelee. Nikabaki na brashi mkononi, inadondosha nyeusi kwenye saruji.

"Nilikuomba umtulize," alisema, anafuta machozi.

"Ndiyo, Mama."

"Ungechora vibaya kidogo tu. Kidogo. Ule wa mgongo ulikuwa na shida gani? Alikuwa ananuna, lakini alikuwa hapa."

Naweza kusema nilijisikia vibaya, na ni kweli. Lakini nikisema hivyo tu nitakuwa nimedanganya. Kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inaruka kwa furaha. Maisha yangu yote nimeogopa kuambiwa sijafikia, na hapa mtu mzima alikuwa analia kwa sababu nimefikia. Niliona haya kwa furaha hiyo, nikainama nikaanza kufuta matone ya rangi kwenye saruji kwa kitambaa, nikayasambaza zaidi.

"Acha hiyo," akasema. "Inatosha."

Waligombana kwa muda. Bibi aligoma kula, safari hii si kwa kununa, kwa makusudi. Mwisho wa yote mjukuu wake mmoja aliyeoa alikubali kuhamia kijijini na mkewe, katika chumba cha uani, na mwenye duka akapeleka saruji na mafundi, wakapasakafia pale karibu na karo. Hakuridhika. Alisema saruji nayo ikilowa inateleza. Alituma fundi aikwaruze.

Siku ya kumpeleka walinichukua, sijui kwa nini. Nadhani mwenye duka alitaka kuwe na mtu mwingine ndani ya gari. Bibi alikaa mbele amekumbatia pochi yake. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha usiku. Njiani nilijikaza nikamuuliza mwenye duka kilichokuwa kinanisumbua.

"Mama, ule ukuta niufanyeje? Naweza kuja kuupaka nyeupe. Au kuna pale juu, ule ukingo, nilikuwa nataka—"

"Usiguse."

"Lakini ule ukingo—"

"Kila mwezi anakuja kliniki," mwenye duka alisema, macho barabarani. "Akikosa cha kugombeza pale ukutani atanigombeza mimi."

"Ukingo haujakaa sawa," bibi akasema kutoka mbele. "Lakini uacheni."

Tulipofika wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Hapakuwa na mlima. Nilitazama pale ulipotakiwa kuwa nikaona weupe tu, na nikajikuta nasubiri bibi naye atazame, nione uso wake atakapoutafuta. Hakutafuta. Alishuka, akamkabidhi mjukuu wake pochi bila salamu, akapita nyumba, akapita ile saruji mpya bila kuikanyaga, akaenda moja kwa moja shambani. Akachoma fimbo kwenye udongo, ikazama. Akainama.

"Nani amepanda magimbi hapa?"

"Jirani, Bibi," mjukuu akasema. "Alisema ni kwa muda."

"Muda wa nani? Niitie huyo jirani. Niitie sasa hivi. Na jembe langu liko wapi?"

Mjukuu alikimbia. Bibi akavua viatu vyake vya mjini akaviacha tutani, akaingia kati ya mistari, anang'oa magimbi moja moja na kuyatupa upande wa jirani.

Nilikuwa nimeshika godoro, mke wa mjukuu ameshika upande wa pili, na mwenye duka alitakiwa kutufungulia mlango. Hakuja. Alikuwa amesimama mwanzo wa shamba kwenye umande, funguo mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mama yake, iliyokuwa inazama na kuchomoka kwenye ule udongo mweusi, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka mbele kidogo, kama wa mtu aliye karibu kudaka kitu, ingawa bibi alikuwa mbali naye na anazidi kwenda mbali.

"Mama, mlango," nikasema.

Hakugeuka. Tukaliweka godoro chini, tukasubiri.